Usisafirie Nyota ya Mwenzio



Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu yangu hupokea muhtasari wa habari. Huletwa katika kundi la WhatsApp la walimu wa wilaya yetu na mwenzetu mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, ambaye naye huupata kwa nduguye aliyehamia ng'ambo. Ni orodha ya vichwa vya habari kumi au kumi na viwili vilivyoteuliwa kutoka magazeti na televisheni za wahafidhina wa Marekani na Uingereza: mpaka umefungwa, misaada imekatwa, ushuru umepandishwa, mahakama imeamua, chuo kikuu kimeaibishwa. Chini ya kila kichwa pana sentensi moja ya kejeli au ya shangwe. Wenzangu hujibu kwa "Amina". Ikifika Jumatatu, muhtasari huo umekwisha kuingia madarasani na katika chumba cha walimu kana kwamba ni habari za kijijini kwetu.

Siandiki makala hii ili kuupiga marufuku. Nimeusoma kwa muda mrefu na nitaendelea kuusoma. Ninachokipinga ni namna tunavyousoma: tumejifanya washangiliaji katika uwanja ambao hatuna timu, na mara nyingine tumeshangilia bao tulilofungwa sisi wenyewe.

Nitakueleza lililonisukuma kuandika. Katika muhula wa kwanza wa mwaka 2025, chama cha mijadala cha shule yetu kilikutana kama kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alisimama akasoma vichwa vya habari vya juma, alivyovipata kwa mwalimu wake wa darasa. Alipofika kwenye kichwa kilichosema kwamba Marekani imesitisha kuwapokea wakimbizi, ukumbi ulipiga makofi. Sijui walipiga makofi kwa sababu gani, na naamini wao pia hawakujua. Sauti ya msomaji ilipanda, nao wakaitikia.

Katika mstari wa nyuma alikuwamo kijana mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mzaliwa wa Kongo, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao na ambaye mara nyingi hunisahihisha mimi mwalimu wake. Familia yake ilikuwa imemaliza mahojiano yote na vipimo vyote vya afya, ikisubiri kuambiwa tarehe ya safari. Hakupiga makofi. Baada ya kikao alinifuata nje akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, hawa wanaoitwa wahafidhina, wanahifadhi nini?"

Nilimjibu kwa maana ya kamusi. Aliniitikia, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Nilijua nimemnyima jibu. Makala hii ni deni langu kwake, na kwako wewe uliyepiga makofi.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno "mhafidhina" linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa kuhifadhi, hifadhi, mhifadhi na hafidhi, yaani yule aliyeihifadhi Kurani moyoni. Mhafidhina basi ni mtu anayetunza kitu. Lakini "kuhifadhi" ni kitenzi elekezi. Hakikamiliki bila yambwa. Huwezi kusema "Juma anahifadhi" ukanyamaza, kwani msikilizaji atabaki ameinamisha kichwa akingoja. Anahifadhi nini? Mbegu? Siri? Ardhi ya baba yake? Kijana wa Nakivale aliuliza swali ambalo sarufi yenyewe inalidai, na ambalo walimu wa wilaya nzima hatujawahi kuliuliza tangu muhtasari ule uanze kutufikia.

Hapa kwetu magharibi mwa Uganda tunaijua maana ya hifadhi kwa macho. Ziwa Mburo halituko mbali. Lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, pundamilia na swala walipata ulinzi, na wafugaji waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa. Simlaumu pundamilia. Nasema tu kwamba kila hifadhi ina mpaka. Ndani mna kinachotunzwa, na nje yupo mtu aliyeambiwa aondoke. Anayeisifu hifadhi bila kuuliza yeye mwenyewe amewekwa upande gani wa uzio hajaielewa habari aliyoisoma.

Sasa nikutendee haki, msomaji uliye mhafidhina kwa imani na malezi, maana huenda unadhani nimekuja kukutukana. La. Uhafidhina ni fikra yenye heshima na historia ndefu. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza mzaliwa wa Dublin, ambaye wahafidhina wengi wa leo humwita baba yao, alichapisha mwaka 1790 kitabu cha kuyalaumu mapinduzi ya Ufaransa. Kwa ufupi, aliiona jamii kuwa amana tuliyoachiwa na waliotutangulia, tunayopaswa kuwakabidhi watakaokuja, na si shamba la majaribio la kizazi kimoja. Mzee yeyote wa Ankole angemwelewa bila mkalimani.

Lakini Burke huyohuyo alitumia miaka mingi ya maisha yake kumshtaki Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal chini ya Kampuni ya Mashariki ya India, kwa madai ya dhuluma na uporaji. Kesi ilianza kusikilizwa bungeni London mwaka 1788 na kumalizika mwaka 1795, Hastings akaachiwa huru. Burke alishindwa. Hata hivyo hakuona kwamba uhafidhina wake ulimruhusu kuwafumbia macho watu wa mbali ambao serikali ya nchi yake ilikuwa na mkono katika mateso yao.

Wala hakuwa wa mwisho. Ronald Reagan, ambaye picha yake hupamba mihtasari hii kama picha ya mtakatifu, alitia saini mwaka 1986 sheria iliyowawezesha watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi Marekani bila vibali kupata hadhi halali. George W. Bush, rais wa chama kilekile cha Republican, alianzisha mwaka 2003 mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, kwa ahadi ya dola bilioni 15 katika miaka mitano. Julai ya mwaka huohuo alifika Entebbe. Serikali ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu wapatao milioni 25 duniani. Wamo Waganda wengi, na huenda baadhi yao wanakufundishia watoto. Huo nao ni uhafidhina. Ulihifadhi uhai.

Basi mtu akikuambia kwamba wahafidhina wote wanasema neno moja, mwambie hajawasoma. Jarida la National Review, lililoanzishwa na William F. Buckley mwaka 1955 na lililowalea wahafidhina wengi wa Marekani, lilitoa Januari 2016 toleo maalumu la kumpinga Donald Trump. Na sheria yetu ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ambayo wengi hapa waliamini kwamba kila mhafidhina wa Marekani anaishangilia, ililaaniwa hadharani na Ted Cruz, seneta wa Texas, ambaye hakuna awezaye kumwita mliberali. Uwe na maoni gani juu ya sheria hiyo, jambo hili linapaswa kukufikirisha: yule uliyemdhani ndugu yako wa imani hakukuuliza wewe kabla ya kusema.

Tuufungue sasa muhtasari wenyewe, kichwa kwa kichwa, tukitafuta yambwa.

Cha kwanza ni mipaka. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Trump alisitisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Katika miaka iliyotangulia, Wakongo ndio waliokuwa miongoni mwa wengi zaidi waliopokewa kwa mpango huo. Watu waliokwisha kupewa tarehe za kusafiri waliambiwa safari zimefutwa. Mei 2025, mlango huohuo ulifunguliwa kwa kundi la Makaburu 59 wa Afrika Kusini waliopokewa kwa heshima katika uwanja wa ndege wa Dulles. Juni 2025, Burundi, jirani yetu na mwanachama mwenzetu wa Afrika Mashariki, iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani. Agosti 2025, Uganda ilikubali kuwapokea, kwa masharti, watu wa mataifa mengine wanaofukuzwa Marekani. Rwanda nayo ikakubali kuwapokea hadi 250.

Rwanda ilikuwa na uzoefu. Aprili 2022, serikali ya chama cha Conservative cha Uingereza ilitia saini mapatano ya kuwapeleka Kigali watu walioomba hifadhi Uingereza. Novemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango huo haukuwa halali. Bunge likatunga sheria nyingine, uchaguzi ukaja, na Julai 2024 serikali mpya ya Labour ikaufuta. Uingereza ilikuwa imekwisha kuilipa Rwanda pauni milioni 290, na waliosafiri walikuwa watu wanne tu, tena kwa hiari yao.

Kila taifa lina haki ya kulinda mpaka wake. Sibishani na hilo. Lakini fikiri: Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Nakivale imekuwa ikipokea watu waliokimbia makwao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisi ndio tuliokata ardhi tukawapa watu mashamba. Halafu tajiri anafunga mlango wake, anatuletea waliobaki mlangoni, nasi tunasimama kumpigia makofi? Mwenye nyumba kubwa akikataa wageni, si jirani mwenye kibanda kilichojaa anayepaswa kufurahi.

Kichwa cha pili ni misaada. Siku hiyohiyo ya 20 Januari 2025, Rais Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Baadaye mwezi huo ilitangazwa kwamba huduma za kuokoa maisha zisiguswe, lakini mahali pengi fedha zilikuwa zimekwisha kukatika na watumishi wamekwisha kurudishwa nyumbani. Tarehe 1 Julai 2025, shirika la USAID lilifungwa na mabaki yake kukabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Muhtasari wa Jumamosi uliandika kwamba "fedha zimeokolewa". Haukuandika kwamba misaada yote ya nje ya Marekani ilikuwa takriban asilimia 1 ya bajeti ya serikali kuu yake. Mei 2025, Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba, kwa upungufu wa fedha kutoka kwa wafadhili, umewaondolea chakula wakimbizi milioni moja nchini Uganda. Yule kijana wa mstari wa nyuma alijua hesabu hiyo kabla yetu, kwa kuwa alikuwa akiila. Au tuseme, alikuwa haili tena.

Ndani ya kichwa hicho cha misaada kulikuwa na kisa ambacho ni somo zima. Januari 28, 2025, msemaji wa Ikulu ya White House alidai kwamba serikali ilikuwa karibu kutumia dola milioni 50 kununua kondomu za Gaza. Dunia ilicheka; muhtasari wetu uliweka kichwa hicho juu kabisa. Waandishi wa habari walipochunguza, hawakuona ushahidi wa jambo hilo. Walichokiona ni kwamba uko mkoa uitwao Gaza kusini mwa Msumbiji, wenye mradi wa kupambana na UKIMWI na kifua kikuu uliofadhiliwa na Marekani. Elon Musk alipoulizwa mwezi uliofuata, alikiri kwamba baadhi ya mambo anayoyasema hayatakuwa sahihi. Masahihisho hayo hayakufika katika kundi letu la WhatsApp. Uongo ulifika Jumamosi ukiwa umevaa suti. Ukweli ulibaki njiani ukitafuta nauli.

Kichwa cha tatu ni biashara. Kwa miongo mingi wahafidhina wa Marekani walituhubiria kwamba biashara huru ni baba wa ustawi na kwamba ushuru wa forodha ni ujinga wa wajamaa. Tuliandikiwa masharti kwa mahubiri hayo. Tarehe 2 Aprili 2025, rais wa chama hichohicho alitangaza ushuru wa kuanzia asilimia 10 kwa bidhaa za karibu kila nchi duniani. Walimu waliokuwa wakitufundisha uchumi kwa kutumia muhtasari walibadili somo bila kukohoa. Jumamosi moja ushuru ni haramu, Jumamosi inayofuata ni sunna. Mtu mwenye msimamo angalau angeuliza ni lini dini ilibadilika.

Hapa najua utanikatiza: "Mwalimu, mbona waliberali huwasemi?" Haya, nawasema. Aliyeiondoa Uganda katika mpango wa AGOA, ulioziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, alikuwa Rais Joe Biden wa chama cha Democrat. Na muhtasari wa wahafidhina una sababu ya kuwapo. Oktoba 2020, gazeti la New York Post lilipochapisha habari zilizotoka katika kompyuta ya mwana wa Biden, Twitter ilizuia watu kuisambaza, na maofisa wa zamani wa ujasusi zaidi ya 50 wakatia saini barua iliyodokeza mkono wa Urusi. Mwaka 2022, magazeti makubwa yaliyokuwa yamesitasita yalithibitisha kwamba sehemu ya barua pepe hizo ilikuwa ya kweli. Tena, wahafidhina walisema kwa miaka kwamba Biden amechoka kwa uzee, wakaitwa wazushi. Mdahalo wa tarehe 27 Juni 2024 ukawaonyesha Wamarekani wote, na tarehe 21 Julai alijiondoa katika kinyang'anyiro. Mtu aliyesoma upande mmoja tu alishtuka. Aliyesoma pande zote mbili alikuwa amejiandaa.

Ndiyo sababu sitaki kuufunga mlango wa muhtasari huo. Nataka tujue umetengenezwa vipi. Tangu mwaka 1949, Marekani ilikuwa na kanuni iliyozitaka redio na televisheni kutoa nafasi kwa pande zinazotofautiana katika mambo yenye ubishi. Ilifutwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata, Rush Limbaugh alianza kipindi chake cha redio kilichosikika nchi nzima, na ikathibitika kwamba hasira ni bidhaa inayouzika. Mwaka 1996, Rupert Murdoch na Roger Ailes walianzisha Fox News. Aprili 2023, Fox ilikubali kuilipa kampuni ya Dominion, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, dola milioni 787.5 ili kumaliza kesi ya kuchafuliwa jina, baada ya kurusha madai ya uongo kwamba mashine hizo ziliiba kura za uchaguzi wa 2020. Nyaraka za kesi zilionyesha watangazaji mashuhuri wakiyadharau faraghani madai yaleyale yaliyorushwa katika kituo chao. Waliogopa watazamaji wangewahama.

Zingatia jambo hilo. Hawakuwa wakiwaambia watu walichokiamini. Waliwapa watu walichotaka kusikia, kwa kuwa watu ndio soko. Na wewe uliyeko Isingiro, Masaka au Bujumbura si hata sehemu ya soko hilo. Hununui gari linalotangazwa katikati ya kipindi. Hupigi kura Ohio. Mchezo unachezwa na wenyewe, kwa faida yao, na wewe umeazima hasira ya mtu asiyekujua.

Kwa nini basi tunapiga makofi? Naamini ni kwa sababu tunasikia maneno tunayoyapenda: familia, imani, kazi, heshima, utaratibu. Ni maneno mazuri, nami nayapenda. Lakini neno likivuka bahari hubadili yambwa. Anaposema "familia", je, anamaanisha pia familia ya yule kijana iliyokuwa imefunga mizigo? Anaposema "imani", anawahesabu wahubiri na masista wanaoendesha zahanati zilizopungukiwa dawa? Anaposema "utaratibu", anakusudia utaratibu gani, kama wahamiaji wake wanaweza kuletwa kwangu bila bunge langu kujadili ipasavyo? Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota yake inamwongoza kwenda kwao.

Liko lakini neno moja la wahafidhina ambalo hatulishangilii, na ndilo tulilopaswa kulisikiliza zaidi. Wanasema misaada ya miaka mingi hulemaza, na kwamba serikali inayolishwa na wageni haiwajibiki kwa raia wake. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatukuhitaji Mmarekani atufundishe hilo. Mwaka 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Imepita zaidi ya miaka ishirini, na nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazijaifikia ahadi hiyo. Dawa za watu wetu ziliwekwa mikononi mwa wapiga kura wa mbali, na wapiga kura hao wakaamua.

Sasa uone jinsi tulivyopotea. Habari ya kukatwa kwa misaada, kama tungeisoma kwa akili zetu, ingetupeleka mlangoni kwa mbunge wetu na swali hili: "Mheshimiwa, ahadi ya Abuja imefikia wapi, na katika bajeti ijayo afya imetengewa kiasi gani?" Badala yake, tulijibu "Amina" kwenye simu tukarudi kunywa chai. Kura tuliyo nayo haikuulizwa swali. Kura tusiyo nayo tuliishangilia. Yeyote anayetaka kuliibia taifa hili hana haja ya kuyafunga magazeti. Atuachie tu tugombanie siasa za Washington.

Kuna zoezi ambalo sasa nawapa wanafunzi wangu, nami nakupa wewe. Chukua kichwa chochote cha habari katika muhtasari, cha wahafidhina au cha waliberali, ukitafsiri kwa Kiswahili chako. Kisha ukitoe katika kauli ya kutendwa ukiweke katika kauli ya kutenda. Kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtenda. "Misaada imekatwa." Nani amekata? Amemkatia nani? "Mpaka umelindwa." Nani ameulinda, dhidi ya nani? "Fedha zimeokolewa." Ziliokolewa kutoka kinywani mwa nani? Ukishampata mtenda na mtendwa, jitafute wewe mwenyewe ndani ya sentensi. Ukijikuta mtenda, furahi ukipenda. Ukijikuta mtendwa, shusha mikono. Na usipojikuta kabisa, basi ile ni habari ya watu wengine: isome, ijue, iache ipite.

Wenzangu walimu, nawaomba jambo moja zaidi. Kabla hujaupeleka muhtasari darasani, utazame mstari wa nyuma. Hujui nani amekaa pale. Hatukusomea ualimu ili tuwafundishe watoto kumshangilia mtu aliyemfungia mwenzao mlango. Kama uhafidhina ni kutunza amana, basi watoto hawa ndio amana, wa Isingiro na wa Kivu kwa pamoja, na utu wao ndio wa kwanza kuhifadhiwa. Mwalimu anayejiita mhafidhina na asiyeweza kuuhifadhi utu wa mwanafunzi wake kwa dakika arobaini za kipindi ajitafutie jina lingine.

Yule kijana bado yuko shuleni. Familia yake haijasafiri. Wiki iliyopita nilimrudia nikamwambia kwamba lile jibu langu la kamusi halikutosha, na kwamba swali lake nimeliandikia makala. Alicheka kidogo, akaniuliza kama katika makala hiyo nimeandika "wahafidhina" kwa dh au kwa z, kwa kuwa mara ya kwanza ubaoni nilikosea. Nimeandika kwa dh, mwanangu. Lililobaki ni wasomaji wangu kuisoma, na Jumamosi ijayo, muhtasari utakapofika, wakuulizie lile swali lako.

Akili za kuambiwa, ndugu msomaji, changanya na zako.

Wasalaam.